Vijia vya Fairfax na maji yanayovitawala

Ukipita kando ya kijito cha Accotink siku ya jua, simama kidogo uinue macho. Kwenye matawi ya miti ya sycamore, ile yenye magome meupe, utaona mifuko ya plastiki iliyochanika, nyasi kavu na vijiti vilivyosokotana, vingine vikiwa juu kuliko kichwa cha mtu mzima. Ni uchafu ulioachwa na maji. Kijito kilipojaa mara ya mwisho kilifika hapo, na kijia unachokikanyaga kilikuwa chini kabisa ya mto. Anayetaka kutembea Fairfax kwa raha na kurudi nyumbani mzima aanze kwa kusoma alama hiyo, kabla hata ya kununua buti.

Kaunti ya Fairfax iko kaskazini mwa Virginia, Marekani, jirani na Washington, na ina wakazi zaidi ya milioni 1.1. Ardhi inayofaa kujengwa karibu yote imejengwa: nyumba, maduka, ofisi, barabara kuu. Kijani kilichobaki kwa sehemu kubwa ni mabonde ya vijito, kwa sababu yanafurika na hayajengeki. Mamlaka ya Hifadhi ya kaunti, iliyoundwa mwaka 1950, imekuwa ikiyakusanya kipande kwa kipande, na vijia vingi vinapita humo, sambamba na mabomba makubwa ya maji taka ambayo nayo hufuata mteremko wa vijito. Ndiyo maana utakuta chemba za zege zimesimama kando ya njia kama mapipa, nyingine zikikufika kifuani. Zimeinuliwa hivyo ili maji ya mafuriko yasiingie ndani. Kila chemba ndefu inakueleza maji yanatarajiwa kufika wapi mahali hapo.

Msituni, mvua inaponyesha, majani na udongo hunywa sehemu kubwa ya maji, na mto hupanda polepole. Mapaa, lami na maegesho hayanywi kitu. Maji yote hukimbilia kwenye mifereji, mifereji ikamwaga kwenye kijito, na kijito ulichokuwa ukikivuka kwa hatua tano, ndani ya saa moja kimegeuka mkondo wa rangi ya chai ya maziwa unaobeba magogo. Tarehe 8 Julai 2019 uwanja wa ndege wa Reagan National, ng'ambo tu ya mpaka wa kaunti, ulipima inchi 3.3 za mvua ndani ya saa moja. Mvua ya namna hiyo haimpi mtu aliye bondeni muda wa kufikiri. Ikianza ngurumo ukiwa chini, panda kwanza, mambo ya ramani yafuate baadaye. Uzuri wake ni kwamba kinachopanda haraka hushuka haraka: mara nyingi kesho yake vijito vimerudi ndani ya kingo zao.

Mto Potomac una tabia tofauti kabisa, na hapa ndipo wageni wengi hukosea. Difficult Run, kijito kikubwa kuliko vyote ndani ya kaunti, hukusanya maji ya eneo la maili za mraba 58 hivi. Potomac unapofika Little Falls, karibu na Washington, umekusanya maji ya maili za mraba 11,560, kuanzia milima ya West Virginia. Mvua ikinyesha kule juu Jumamosi, mto hapa unaweza kufika kilele Jumatatu, anga likiwa bluu tupu na vijito vidogo vimekwisha kutulia. Kwa hiyo hesabu ni mbili. Kwa vijito, angalia mvua ya saa 24 zilizopita hapa hapa. Kwa Potomac, angalia mvua ya siku tatu zilizopita huko mbali.

Huhitaji kubahatisha. Shirika la Jiolojia la Marekani, USGS, lina vituo vya kupimia kina cha maji, na vipimo vyake viko wazi kwenye intaneti saa zote. Vitatu vinamtosha mtembeaji wa Fairfax: Difficult Run karibu na Great Falls, Accotink karibu na Annandale, na Potomac pale Little Falls. Usihangaike sana na namba yenyewe. Tazama mstari wa grafu unaelekea wapi. Ukiwa unapanda, ahirisha. Ukiwa umepinda na kushuka tangu jana, unaweza kwenda. Halafu jijengee kipimo chako mwenyewe: siku uliyovuka mahali fulani bila kulowa, andika namba ya kituo ya siku hiyo pembeni ya jina la kivuko. Baada ya safari nne au tano utakuwa na jedwali ambalo halipatikani kwenye kitabu chochote. Kwa Potomac, kumbuka kwamba kiangazi kisicho na mvua kituo cha Little Falls husoma futi 3 hivi, na mafuriko huhesabiwa kuanzia futi 10. Lakini hatari inaanza mapema sana kabla ya kufika huko.

Njia inayofundisha vivuko vizuri kuliko zote ni Cross County Trail, ambayo siku hizi imebeba jina la Gerry Connolly, aliyekuwa mwenyekiti wa bodi ya kaunti kabla ya kwenda bungeni Washington. Inakata kaunti yote kwa takribani maili 40, sawa na kilomita 64, kutoka Great Falls kaskazini hadi Occoquan kusini. Haikuchongwa upya yote. Ilipatikana kwa kuunganisha vijia vilivyokuwepo, kwa hiyo utakanyaga lami, kisha kokoto, kisha udongo mtupu wenye mizizi, wakati mwingine ndani ya maili moja. Sehemu kadhaa hazina daraja. Kuna nguzo fupi za zege zilizopangwa mstari ndani ya maji, zenye nafasi ya hatua moja kati yake ili maji na vijiti vipite. Wenyeji huviita vivuko vya hali nzuri ya hewa, na jina hilo lichukuliwe kama lilivyo.

Ukifika kwenye nguzo hizo, usiingie moja kwa moja. Tazama kwanza vichwa vyake. Vikiwa vya kijivu na vikavu, viko salama. Vikiwa vyeusi na vyenye unyevu wakati hakuna mvua, maji yalikuwa juu yake si muda mrefu uliopita, na yameacha utando mwembamba wa tope na mwani unaoteleza kama sabuni. Huuoni, ila ukipitisha kidole unausikia. Kisha tazama upande maji yanakotoka. Gogo likinasa katikati ya nguzo mbili, maji hulazimika kupita kwa nguvu pembeni yake, na hapo chini huchimba shimo. Kijito chenye kina cha kifundo cha mguu kote kinaweza kuwa na kina cha kiuno nyuma ya gogo hilo. Ndiyo maana anayeteleza hapo hulowa hadi kifuani na kushangaa.

Ukiamua kuvuka, legeza mkanda wa kiunoni na wa kifuani wa begi, ili ukianguka ulivue mara moja. Kanyaga katikati ya nguzo kwa wayo mzima. Macho yawe kwenye nguzo inayofuata, si kwenye maji. Maji yanayokwenda huzungusha kichwa, na mtu hujikuta anaegemea upande bila kujua. Usiruke. Mtoto mwenye hatua fupi hulazimika kuruka kila nguzo, na kuruka ndiko kunakoangusha. Maji yakiwa ya kifundo cha mguu na yametulia, ni heri kumshika mkono na kupita naye majini, kandokando ya nguzo, viatu vikilowa. Maji yakiwa yanagusa vichwa vya nguzo, rudi. Inchi sita za maji yanayokwenda kasi zinatosha kumwangusha mtu mzima. Na usijiambie kwamba utazunguka kwa barabara bila kuwa umeitazama kabla: barabara nyingi za upande wa Great Falls ni nyembamba, zina kona, hazina njia ya waenda kwa miguu, na madereva hawamtarajii mtu hapo. Mzunguko upangwe nyumbani.

Januari kuna mtego mwingine. Njia ni kavu, jua linawaka, lakini matone yanayoruka kutoka kwenye mkondo yameganda juu ya nguzo na kuwa kioo. Hapo hata kiatu kizuri hakisaidii.

Great Falls yenyewe, maporomoko ya Potomac, iko chini ya Idara ya Hifadhi za Taifa. Mto unashuka futi 76 ndani ya umbali usiofika maili moja, na upana wake unabanwa kutoka karibu futi 1,000 juu ya maporomoko hadi kati ya futi 60 na 100 ndani ya korongo la Mather. Maji yote yale yanapita kwenye uchochoro. Chini ya maporomoko uso wa maji unaweza kuonekana umetulia, watu wakaona ni mahali pa kupoza miguu, kumbe chini kuna mikondo inayovuta. Kuogelea na hata kuingiza miguu ni marufuku, na wanaokufa maji sehemu ile mara nyingi si waogeleaji. Ni watu waliokuwa wamesimama kwenye mwamba. Mwamba wa pale umesuguliwa na mto miaka mingi hadi ukawa laini, una chembe zinazong'aa, na kila maji yanapopanda huacha vumbi la tope juu yake. Vumbi hilo likipata umande tu, limekwisha. Kaa umbali wa urefu wako mara mbili kutoka ukingoni na huwezi kukosa chochote cha kuona.

Karibu na sehemu za kutazamia maporomoko kuna nguzo yenye alama za miaka ya mafuriko. Ya mwaka 1936 iko juu kabisa. Simama chini yake, tazama jinsi mto ulivyo chini kule korongoni, halafu pima kwa macho. Ukiwa na watoto wadogo, achana na River Trail inayopita juu ya magenge. Fuata njia ya mfereji wa zamani, ule wa kampuni ya George Washington ulioanza kuchimbwa mwaka 1785. Ni tambarare, una kivuli, na mawe ya milango ya maji bado yamesimama.

Hifadhi ya Scott's Run, upande wa McLean, ni ndogo lakini ina kila kitu: mteremko mkali, kijito cha kuvuka kwa nguzo, poromoko dogo linaloingia Potomac. Mwaka 1970 wakazi wa pale walipiga kura ya kujitoza kodi ili ardhi hiyo inunuliwe badala ya kujengwa nyumba, na kila ukipita chini ya miti ile mikubwa unafaidi kura zao. Maegesho ni machache. Jumamosi ya Mei usitegemee nafasi baada ya asubuhi kukucha vizuri. Kuogelea pale nako ni marufuku, pamoja na kwamba kidimbwi chini ya poromoko kinavutia sana. Maji yake yametoka kwenye barabara na maegesho ya juu.

Hilo linahusu maji ya kunywa pia. Usinywe maji ya kijito chochote cha Fairfax, hata kwa chujio zuri. Chujio la mtembeaji linazuia vijidudu. Halizuii mafuta ya magari, dawa za nyasi wala chumvi. Majira ya baridi barabara humwagiwa chumvi, na yote huishia bondeni. Kijito cha Accotink kimo kwenye orodha ya jimbo ya maji yaliyoharibika kwa sababu hiyo. Beba maji yako: nusu lita kwa kila saa ya kutembea siku ya kawaida, hadi lita nzima Julai, wakati joto na unyevu vinapokaa pamoja bondeni na upepo haufiki.

Matope ni ya aina tatu, na kila moja lina dawa yake. La bonde la mafuriko, kama kwenye hifadhi za Riverbend na Bull Run, ni laini la kijivu. Linaonekana limekauka juu lakini chini linazama kwa siku tatu au nne baada ya maji kushuka. La miteremko ni mfinyanzi mwekundu. Linanata kwenye soli hadi meno ya kiatu yanapotea, na mteremko unaofuata unaushuka kwa makalio. Hilo likwangue kwa kijiti kila baada ya dakika kumi, usingoje. La tatu ni la baridi: usiku udongo huganda na kuinuliwa na sindano za barafu, asubuhi ni mgumu kama matofali, saa tano jua likipanda unakuwa uji. Januari na Februari anza mapema na uwe umemaliza kabla ya hapo.

Na ukikuta dimbwi katikati ya kijia, pita katikati yake. Najua inauma. Lakini kila anayezunguka pembeni anaua mimea ya ukingoni, kijia kinapanuka, na mwakani dimbwi lina upana wa gari. Pale Riverbend na Bull Run, wiki za kwanza hadi katikati ya Aprili, maua ya bluebell hutandaza bluu chini ya miti kwa sababu yanapenda tope lile lile la mafuriko. Yakikanyagwa yanapokuwa na majani, kiazi chake hakipati chakula cha mwaka unaofuata. Nimeiona miguu ya watu ikitoka njiani kwa ajili ya picha moja, na mahali hapo pakabaki kipara.

Ndiyo maana kwa miezi ya joto napendelea viatu vyepesi vya wavu vyenye meno marefu kuliko buti zisizopitisha maji. Buti ikijaa maji kutoka juu haitoi. Unatembea na ndoo mbili. Kiatu cha wavu kinajikamua chenyewe ndani ya dakika ishirini. Soksi ziwe za sufu au za nailoni, za pamba hapana, na jozi moja kavu iwe kwenye mfuko wa plastiki ndani ya begi.

Mabwawa ni rahisi, kwa hiyo watu huyadharau. Burke Lake lina eneo la ekari 218 na njia ya kulizunguka ina maili 4.7, karibu tambarare yote, udongo na kokoto. Mtembeaji wa kawaida atatumia saa moja na nusu hadi mbili. Kosa la pale ni kukadiria kwa macho: bwawa lina mikono mingi inayoingia msituni, na njia inaingia na kutoka kila mkono. Mtu unayemwona ng'ambo, mita mia moja tu, anaweza kuwa mbele yako kwa maili nzima. Ukiwa na mtoto aliyechoka, swali si bwawa limebaki kiasi gani, ni mikono mingapi imebaki. Mwishoni mwa kiangazi, maji yakiwa na utando wa kijani kama rangi iliyomwagika, usimwache mbwa anywe. Mwani ule unaweza kuwa na sumu. Na tazama chini karibu na sehemu za wavuvi. Ndoana zilizokatika hubaki kwenye nyasi.

Lake Accotink linakuonyesha kwa uwazi vitongoji vinavyoufanyia mto. Jeshi lililijenga ili kambi ya Fort Belvoir ipate maji. Tangu hapo kila paa na kila barabara iliyoongezwa juu yake imeongeza kasi ya maji, kasi imekula kingo za kijito, na udongo wa kingo umekuja kutulia bwawani. Limewahi kuchimbwa tope zaidi ya mara moja, na limejaa tena. Mzunguko wake ni kama maili nne. Chini ya ukuta wa bwawa, karibu na daraja refu la reli, kuna kivuko cha chini ambacho hufunikwa na maji bwawa linapomwaga. Kabla ya kuanza mzunguko, nenda ukakitazame hicho kwanza, usije ukakikuta mwishoni giza likiingia.

Kwa wanaotaka msitu na siku nzima, Bull Run Occoquan ndiyo njia yenyewe: maili 17 na ushei, alama za rangi ya bluu kwenye miti, kutoka hifadhi ya Bull Run hadi Fountainhead. Ramani inaonyesha mto upande mmoja, mtu akadhani ni tambarare. Sivyo. Kila kijito kidogo kinachoingia mtoni kimechonga bonde lake, na wewe unashuka na kupanda kila bonde. Kanuni ya William Naismith ya mwaka 1892 inasema maili tatu kwa saa, pamoja na saa moja kwa kila futi 2,000 za kupanda. Kwenye mizizi na majani ya Bull Run punguza uhesabu maili mbili kwa saa, pamoja na mapumziko. Maana yake ni saa tisa. Desemba jua linachomoza saa 1 na dakika 20 hivi asubuhi na kuzama saa 11 kasoro robo jioni: saa tisa na nusu tu. Anayeanza saa tatu amekwisha kuchelewa. Gawanya njia mara mbili, acha gari moja kila mwisho, na taa ya kichwani iwemo begini hata kama una hakika hutaihitaji.

Alama za rangi zina lugha yake. Mkanda mmoja ni endelea. Mikanda miwili, mmoja juu ya mwingine, ni geuza, na mara nyingi wa juu umesogezwa upande wa kugeukia. Ukitembea dakika tano bila kuona alama, rudi kwenye ya mwisho uliyoiona; usijaribu kukata msitu. Novemba hili ni muhimu zaidi, kwa sababu majani yaliyoanguka hufunika kijia chote na msitu wote unaonekana ni njia. Majani ya mwaloni yaliyolowa kwenye mteremko huteleza kuliko tope, nayo yanaficha mawe. Simu hupoteza mtandao chini ya mabonde yale, kwa hiyo pakua ramani kabla.

Kabla ya kukaa kupumzika, tazama juu. Miti mingi ya ash katika kaunti hii imekufa kwa sababu ya mdudu mtoboa magome aliyeingia kutoka Asia, na mti wa ash uliokufa hukauka na kukatika haraka, vipande vizima, hata bila upepo. Shina lenye magome yaliyobanduka na kuacha mabaka ya rangi ya mbao mpya si mahali pa kufungulia chakula.

Kupe ndio wanaoleta madhara mengi kuliko nyoka na maporomoko kwa pamoja. Mei hadi Julai kupe wachanga wa miguu myeusi, wanaobeba ugonjwa wa Lyme, ni wadogo kama mbegu ya mchicha. Hawaruki wala hawadondoki kutoka mitini. Wanangoja kwenye ncha za nyasi na vichaka vya ukingoni, kwa hiyo kutembea katikati ya kijia ni nusu ya kinga. Nusu nyingine ni dawa ya pemetrini ya asilimia 0.5, inayopuliziwa nguo, soksi na viatu siku moja kabla na kuachwa ikauke. Haipakwi mwilini kamwe, na ikiwa mbichi ni sumu kwa paka. Yuko pia kupe wa lone star, jike lake lina doa jeupe mgongoni. Kuumwa naye kunaweza kumfanya mtu ashindwe kula nyama nyekundu, akivimba na kuwashwa saa kadhaa baada ya mlo.

Ukifika nyumbani, nguo ziingie kwenye mashine ya kukaushia kabla ya kufuliwa: dakika kumi za joto kali kwenye nguo kavu huua kupe, wakati maji ya kufulia yasipokuwa ya moto sana wanayavumilia. Kagua nyuma ya magoti, kinena, kitovu, makwapa, nyuma ya masikio, na nywele za watoto. Ukimkuta ameng'ang'ania, chukua kibano chenye ncha nyembamba, mshike karibu kabisa na ngozi, si tumboni, umvute juu moja kwa moja bila kupindisha. Mafuta, moto na rangi ya kucha havisaidii. Vinamfanya ateme mate zaidi. Lyme kwa kawaida huhitaji kupe awe ameshika zaidi ya saa 24, ndiyo maana ukaguzi wa jioni ile ile unafaa kuliko dawa yoyote. Andika tarehe. Homa au wekundu unaopanuka ndani ya mwezi, nenda kwa daktari na tarehe hiyo.

Kuhusu poison ivy, mmea unaowasha ngozi, watu hufundishwa majani matatu na kuishia hapo. Majira ya baridi hauna majani, bado unawasha. Jifunze shina lake: kamba nene inayopanda mtini, yenye manyoya ya kahawia kama mguu wa buibui mkubwa. Utomvu wake unakaa kwenye kamba za viatu, fimbo na manyoya ya mbwa. Sabuni na maji haraka iwezekanavyo, na fimbo nayo ioshwe.

Nyoka mwenye sumu ni mmoja tu katika kaunti, copperhead. Michoro ya mgongoni ni kama kigoda kilichobanwa katikati, myembamba juu ya uti wa mgongo na mipana ubavuni. Nyoka wa majini, anayeuawa bure kwa kufananishwa naye, ana mabaka mapana mgongoni. Kwenye gogo, panda juu yake kwanza utazame upande wa pili, ndipo ushuke. Akikuuma, tulia na piga 911, namba ya dharura. Usikate wala kufunga kamba.

Kuanzia Septemba hadi Februari kaunti huendesha programu ya kuwinda kulungu kwa upinde katika hifadhi nyingi. Hifadhi hazifungwi. Wapiga upinde hukaa juu ya miti na kupiga kuelekea chini, na mabango huwekwa. Vaa kitu cha rangi ya chungwa, mbwa awe kwenye kamba, na usitoke njiani.

Mwisho wa safari, pale pale maegeshoni kabla ya kuingia garini, toa brashi ngumu usugue soli na kamba za viatu. Vuli nyasi vamizi za wavyleaf hutoa mbegu zenye ute zinazoganda kwenye soksi na miguu ya mbwa, na mtembeaji mmoja huzihamisha kutoka bonde moja hadi jingine mchana huo huo. Soksi zivuliwe na kugeuzwa ndani ya mfuko. Tope linalodondoka libaki bondeni kwake.